Tandabui za Dola Nne

Nimekulia Tanga, kwenye nyumba ambayo kila Alhamisi bibi alifunga fagio kwenye mti mrefu akapitisha pembe zote za dari kutoa tandabui. Mgeni akizikuta kwako hana haja ya kuuliza zaidi, keshajua mwenye nyumba ni mtu wa namna gani. Basi siku binti yangu aliponivuta mkono dukani, hapa Minnesota, Marekani, akanionyesha pakiti ya tandabui za kununua, niliisoma bei mara mbili. Dola nne. Uchafu unauzwa!

"Mama, ni za Halloween. Mtaa mzima wameweka, bado sisi tu."

Halloween ni sikukuu ya huku ya kutishana: watoto huvaa nguo za kutisha na kupita nyumba hadi nyumba kuomba pipi. Nikachukua pakiti tatu. Kila pakiti ina donge la nyuzi nyeupe za poliesta na buibui wa plastiki kadhaa. Maelezo sikusoma, maana tandabui nazijua tangu utotoni. Kumbe donge linachanwa vipande vidogo, unavuta kimoja kwa vidole mpaka kiwe chepesi uone ng'ambo ya pili, unakinasisha kwenye kitu chenye mikwaruzo, unavuta tena. Pakiti moja ingetosha mlango na ikabaki. Mimi nilibandika mafungu mafungu: kwenye ukuta wa matofali, kwenye ngazi, kwenye kile kichaka cha majani ya sindano kando ya mlango. Nikarudi nyuma nitazame kazi yangu. Godoro la sufi limepasuka.

Jioni ya tarehe 31 Oktoba watoto walikuja na vikapu vyao vya pipi. Hakutishika hata mmoja. Mdogo wao, aliyevaa nguo za mifupa, alipapasa ukuta akaniuliza kama ni kondoo.

Kesho yake mama mkwe akapiga simu ya video. Mume wangu akaipokea pale pale ngazini, bila akili.

"Nyuma yako kuna nini?"

"Tandabui, mama. Tumeziweka wenyewe."

Kimya. Nikasikia jogoo wa jirani yao, Tanga.

"Hebu mpe simu mkeo."

Nikashika simu. "Mwanangu," akaniambia kwa ile sauti ya upole ya msibani, "huko Marekani mafagio hakuna?"

Jaribu na wewe kumweleza mama mkwe kwamba umetoa pesa kununua tandabui. Nilipofika kwenye neno "mapambo" nikaona amefumba macho.

Mchana ule ule nikaanza kuzitoa. Mzee jirani yetu alinihimiza nisichelewe. Mwaka 1991, alisema, theluji ilianza kuanguka siku hiyo hiyo ya Halloween na haikukatika mpaka ikapita sentimita 70. Nikacheka. Chuoni, kwenye Kurani, tulisoma kwamba nyumba dhaifu kuliko zote ni ya buibui, itanishinda mimi?

Ya buibui, ndiyo. Ya poliesta ukiivuta inarefuka tu. Uzi mmoja niliufuata kutoka mlangoni hadi kwenye sanduku la barua na bado ulikuwa umeshika tofali. Ufagio ulizikusanya, kisha ukakataa kuziachia. Nikaleta mashine ya kuvuta vumbi: nyuzi zikajiviringisha kwenye brashi yake, ikanguruma, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, ikanyamaza. Haijasema neno tangu siku hiyo.

Hapo ndipo nilipokumbuka kuku. Kuku ukishamnyonyoa, vile vimanyoya vinavyobaki si unavibabua motoni? Nikachukua kiberiti cha gesi. Jamani, poliesta haibabuliwi. Inajikunja, inayeyuka, inaganda kwenye tofali vidonge vyeusi vigumu, na ukikwangua unatoa tofali. Nilibabua ukuta kama hatua mbili kabla mume wangu hajaninyang'anya kiberiti.

Kilichoniuma kweli ni kile kichaka. Nilikuta ndege mdogo amenasa mguu, amejizungusha mpaka uzi umemwingia kwenye kwapa la bawa. Moyo wake niliusikia kiganjani, unadunda kama saa iliyoharibika. Mume wangu alimshika kwa taulo, mimi nikakata uzi mmoja mmoja kwa mkasi wa kucha. Akaruka, akaninyea mkononi. Haki yake. Nilipokuja kusoma nikakuta wahifadhi wa wanyama wamesema zamani: nyuzi hizi zisiwekwe nje, ndege na nyuki wananasa.

Kichaka nikakisafisha siku hiyo hiyo, ukuta nikaahirisha. Theluji haikuahirisha. Nyuzi zikaganda na barafu matofalini mpaka Aprili, na barafu ilipoyeyuka zikabaki pale pale, zimekuwa rangi ya maji ya mchele.

Juni mama mkwe akaja kututembelea. Kabla hata ya chai akafungua begi, na kati ya kanga na pakiti za iliki akatoa fagio la chelewa, jipya, limeviringishwa kwenye gazeti. Tangu Novemba alikuwa akiliwaza. Akatoka nalo nje, akalisokota ukutani taratibu kama anayekusanya tambi kwa uma, na nyuzi zote zilizonishinda miezi saba zikajizungusha kwenye njiti zake. Robo saa haikufika.

Akasogea kwenye vile vidonge vyeusi. Akakwangua kimoja kwa ukucha.

"Na haya mavi ya mijusi, mwanangu? Hata haya?"

Minnesota mjusi wa ukutani hayupo.

"Mijusi wa huku, mama," nikasema, "ni taabu tupu."