Hatua ya 24 na ufunguzi ulioitangulia

Anayejifunza sataranji hapa Mwanza bila kocha mwingine zaidi ya simu yake huvutwa upesi na mchezo ambao Garry Kasparov alimshinda Veselin Topalov katika mashindano ya Wijk aan Zee, Uholanzi, Januari 1999. Kishawishi ni kuruka hadi hatua ya 24, pale Kasparov alipoiachia ngome yake iliwe, kisha kumfuata mfalme mweusi akikimbizwa kutoka mraba wa a7 hadi d1 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo), ndani kabisa ya eneo la adui.

Wanaotetea njia hiyo wana hoja. Topalov alichagua ulinzi wa Pirc, yaani ufunguzi (mpangilio wa hatua za mwanzo) wa mwenye kete nyeusi, na mpinzani utakayekutana naye Kirumba huenda akauacha mkondo huo kwenye hatua ya nne, hivyo kuukariri ni kazi bure. Isitoshe, si ufunguzi uliomwangusha: angekataa ngome ile na kumpeleka mfalme b6, angekuwa salama, na pengine tusingekuwa tunauzungumzia mchezo huu leo.

Hata hivyo, hoja hiyo haielezi kwa nini mfalme alikuwa a7. Katika hatua ya nane na ya tisa Kasparov alibadilishana maaskofu wa miraba myeusi, na malkia wake akatua h6. Kwa kuwa g7 ilibaki wazi, malkia huyo aliitazama f8, na kanuni hazimruhusu mfalme kupishana na ngome yake (hatua moja ya kumficha pembeni) kwa kupitia mraba unaoshambuliwa. Upande mfupi, ule wa mfalme, ukawa umefungwa. Topalov akamhamishia mfalme upande wa malkia katika hatua ya 13, huku askari wa b akiwa amekwisha kusogezwa hadi b5 na wa a hadi a6. Nyumba ilikuwa imebomolewa ukuta kabla mwenyewe hajaingia. (Wacheza bao wanaijua hali hii: balaa la mtaji, awamu ya pili ya mchezo, mara nyingi hupandwa wakati wa namua, awamu ya kwanza.)

Kwa hiyo sioni faida ya kukariri ufunguzi huu, lakini naona hasara kubwa ya kuuruka. Mwenye saa moja tu jioni, baada ya kufunga duka, ningemshauri atumie dakika 40 kwenye hatua 13 za kwanza, kwa kete halisi, na programu ya kompyuta aifungue akiwa amekwisha kuandika jibu lake mwenyewe kuhusu mahali pa kumficha mfalme.