Mimi ningepanda na Haba Haba

Mmeuliza wasomaji tungeimba wimbo gani tukipewa jukwaa la Eurovision, yale mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya. Mimi wala siwazi: Haba Haba wa Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyeiwakilisha Norway mwaka 2011 kule Düsseldorf. Jamani, Kiswahili kwenye jukwaa lile! Hakuvuka nusu fainali, na mpaka kesho nitasema alionewa (najua mtanishambulia hapa chini, njooni tu).

Kwenye ndoto zangu nimevaa dera la manjano, nyuma yangu binamu wanakata viuno. Shida ni kwamba kanuni inaruhusu watu sita tu jukwaani, mimi nikiwemo. Ninao binamu wengi wanaojiona wachezaji, basi watakaobaki wanune wakichoka. Halafu wimbo usizidi dakika tatu! Sisi tuliolelewa na taarabu, dakika tatu hata mtunzaji wa kwanza hajainuka kwenye kiti. Na mwimbaji mkuu lazima aimbe mubashara, hakuna kufungulia CD na kutingisha midomo kama tunavyofanyiwa kwenye matamasha yetu ya viingilio vya bei mbaya. Hapo nawapa heko.

Kinachoniudhi ni sharti la wimbo kuwa mpya. Kipenzi chako cha miaka yote hakipokelewi, hata ukiimba kama malaika. Labda wanichomeke fainali, pale kura zinapohesabiwa na wasanii waalikwa wanaburudisha watu. Nauli ya binamu watajua wenyewe.