Ushindi wa Bwerere na Maji ya Mkanda

Timu ya wasichana ya Faza, kisiwani Pate, ikipangiwa kucheza Lamu mjini saa kumi alasiri, swali la kwanza huwa ni leo mwezi ngapi. Nani anaanza na nani ana kadi mbili za njano ni mambo ya baadaye. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Katikati yake, karibu na saa nne asubuhi, hupwa hata Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, ukabaki na maji haba. Boti iliyosheheni haipiti. Nahodha atoke Faza mara tu baada ya swala ya alfajiri, wachezaji wakae Lamu kutwa nzima wakingoja mechi. Au angoje maji yaanze kujaa, apite Mkanda saa nane mchana. Au azunguke nje ya Manda kwa bahari kuu, jambo ambalo kusi ikivuma hakuna mzazi atakayelikubali.

Kwa kuwa chakula cha mchana cha watu ishirini mjini ni gharama, timu nyingi huona afadhali saa nane. Mashine ikizima mara moja tu, plagi ikilowa au petroli ikiingia maji, saa kumi inawakuta bado majini. Refa anangoja dakika zilizoandikwa katika kanuni za mashindano, kisha anapuliza kipenga na kuandika ripoti. Wenyeji wanapata alama 3 na mabao ya mezani. Huo ndio ushindi wa bwerere, na katika ngazi za chini za ligi ya wanawake, kaunti na kanda, unaharibu msimu kuliko rafu yoyote.

Wanaotetea bwerere wana hoja nzito, na si haki kuwaita watu wasio na huruma. Timu mwenyeji imetimiza wajibu wake: imechora uwanja kwa chokaa, imetafuta mtu wa huduma ya kwanza, imewalipa marefa, na wasichana wake wameomba ruhusa nyumbani. Faza ikisamehewa kwa sababu ya maji, Witu nayo itaomba isamehewe kwa pancha, na Malindi kwa kizuizi cha polisi barabarani. Mwisho wa msimu jedwali litakuwa limejaa mechi za viporo, yaani zilizoahirishwa, na timu inayocheza kiporo chake cha mwisho ikijua tayari inahitaji mabao mangapi imepewa faida ambayo wengine hawakuipata. Halafu kuna ukweli ambao makocha husema kwa sauti ya chini: si kila anayelaumu bahari amezuiwa na bahari. Wapo walioshindwa kukusanya wachezaji kumi na mmoja Ijumaa jioni, na Jumamosi wakasingizia mashine.

Wanaongeza pia kwamba mpira wa wanawake Kenya umetoka kwenye ngazi ya bonanza. Mwaka 2024 Junior Starlets, timu ya wasichana chini ya miaka 17, walikwenda Jamhuri ya Dominika na kuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya kike au ya kiume, kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA. Binti anayetaka kufika huko anahitaji ligi yenye usajili sahihi, ratiba inayoheshimiwa na adhabu inayojulikana. Ligi ya kuoneana haya haimfikishi.

Upande wa pili hujibu kwa hesabu. Ligi ya timu 8, nyumbani na ugenini, ni mechi 56. Kila timu inacheza 14 na kusafiri mara 7. Timu moja ikipoteza mechi 4 kwa bwerere, imekosa zaidi ya robo ya msimu wake. Wapinzani wanne nao wamekosa mechi, ingawa kwenye karatasi wameshinda. Straika aliyefanya mazoezi wiki nzima haongezi bao hata moja kwa alama za mezani, na skauti aliyefunga safari kuja kumtazama anarudi bila kumwona akigusa mpira. Tena adhabu hii haigawanyiki sawa. Timu iliyo kando ya barabara ya lami na timu ya ng'ambo ya maji zinasomewa kanuni moja, lakini ya pili ndiyo inayoumwa nayo mara kwa mara.

Naegemea upande huu wa pili, lakini nina sharti. Nyakati za maji hazimshtukizi mtu. Jedwali la kujaa na kupwa huchapishwa mwaka mzima kabla, na mvuvi yeyote wa Shela atakuhesabia kwa vidole. Anayepanga mechi ya Faza na Lamu saa kumi siku ya bamvua bila kulitazama, kosa ni lake, na kumwadhibu msichana kwa kosa hilo hakuna uungwana ndani yake. Lakini timu iliyojua tangu Alhamisi kwamba haina watu ikanyamaza hadi Jumamosi, hiyo ipewe bwerere bila kuonewa soni. Tofauti iwekwe kwenye kanuni kwa maneno machache: taarifa ya maandishi saa 48 kabla ya mechi, kwa katibu wa ligi na kwa mpinzani pamoja. Anayetoa taarifa anapangiwa upya mara moja tu kwa msimu. Asiyetoa anahesabiwa kuwa amekacha.

Lipo jambo lingine ambalo mabishano ya bwerere hulificha. Timu iliyofika nayo huwa haijafika yote. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu, kisha boti ya kuvukia Lamu. Kikosi cha wachezaji 18, kocha, msaidizi, mlezi wa kike na mtu wa huduma ya kwanza ni watu 22. Matatu ina viti 14. Kukodi gari mbili, au basi dogo, ni karibu mara mbili ya nauli, kwa hiyo kinachotokea kinajulikana: wanakwenda wachezaji 11 au 12, kocha mmoja, na mfuko wa mipira mapajani. Benchi tupu.

Fuata mnyororo huo uone unakoishia. Saa kumi Februari, kaskazi, joto bado kali. Dakika ya 60 mabeki wamechoka na hakuna wa kuwapokea. Beki aliyechoka hafiki kwenye mpira, anafika kwenye mguu. Kwanza kadi ya njano, kisha ya pili, kisha misuli ya mwingine inakaza, na sasa wako 9. Sheria inasema mechi haiwezi kuendelea timu moja ikiwa na wachezaji chini ya 7. Kocha asiye mwaminifu anaijua hesabu hiyo vizuri: akiwa nyuma 5–0, anawaambia watatu walale chini, mechi inavunjika na mabishano yanahamia kwenye kamati. Watu huita tabia mbaya ya wasichana, na hasa ya kocha ni mbaya kweli. Ila rafu ile ya dakika ya 60 ilianza kwenye viti 14.

Dawa yake haihitaji mdhamini mkubwa. Mapumziko ya kunywa maji ya dakika moja kila kipindi yameruhusiwa na sheria kwenye joto, na mahali pa joto kali kanuni za mashindano zinaweza kuruhusu ya kupoza mwili, sekunde 90 hadi dakika 3. Yaandikwe kwenye kanuni za ligi ili yasitegemee hisani ya siku hiyo. Kanuni nyingine ni ya nahodha pekee kuzungumza na refa, ambayo bodi ya sheria za soka duniani imeitolea mwongozo tangu 2024. Inafaa sana huku kwetu, maana kelele nyingi hazitoki kwa wachezaji. Zinatoka kwa makocha wa kiume wanaoingia uwanjani kwa miguu yao wenyewe wakidai penalti.

Kuhusu nguo, hapa ndipo uungwana hujaribiwa Lamu kuliko kwingineko. Hijabu iliruhusiwa rasmi na bodi hiyo mwaka 2014. Masharti yako wazi: iwe nyeusi au rangi kuu ya jezi, wote wa timu moja wavae rangi moja, isishonewe kwenye jezi, isiwe na kitu kinachochomoza wala kifungo shingoni kinachoweza kumuumiza mtu. Pini ni hatari, ziachwe nyumbani. Fundi cherehani yeyote anaweza kushona ya kuvuta kichwani kwa kitambaa cha fulana. Taitsi za ndani lazima zifanane rangi na bukta, au na upindo wake wa chini, na shati la ndani lifanane na mikono ya jezi. Timu hunaswa hapa. Zinanunua bukta nyeupe kwa kuwa ni rahisi, wasichana wanavaa taitsi nyeusi, na mpinzani anayejua sheria anamnong'oneza refa dakika tano kabla ya mechi. Kisheria hakukosea. Kiungwana, alizionaje taitsi zile wakati wa kupasha moto akanyamaza? Bukta nyeusi na jezi ya mikono mirefu humaliza ugomvi wote huo kabla haujaanza, na pesa zinazotumika ni zilezile.

Mfano wa kinyume chake upo. Oktoba 2019 huko Jordan, hijabu ya mchezaji ilipolegea katikati ya mechi ya klabu za wanawake, wapinzani wake wa Shabab Al-Ordon walisimama wakamzunguka mpaka akajifunga vizuri. Hakuna kifungu cha sheria kilichowalazimisha. (Na tukiwa hapo: magazeti yetu ya Kiswahili yaache kuwaita wachezaji wa kike vipusa. Mlinda lango aliyeokoa penalti ni mlinda lango.)

Marefa nao wana lawama zao, lakini sehemu kubwa ya shaka hutokana na mfuko unaowalipa. Ngazi hizi mara nyingi timu mwenyeji ndiyo inayotoa posho ya refa na washika vibendera, taslimu, wakati mwingine baada ya mechi. Refa awe mwadilifu namna gani, mgeni aliyenyimwa penalti atakumbuka pesa zilitoka mkono gani. Kila timu itume nusu yake kwa simu kwa mweka hazina wa ligi kabla ya Ijumaa, naye awalipe marefa wote kwa mkupuo. Asiyetuma hachezi. Wapinzani wa wazo hili husema timu masikini zitaanguka. Huenda zikaanguka, lakini leo timu hizohizo zinalipa posho nzima kila zinapocheza nyumbani.

Pendekezo linalosikika zaidi sasa ni la vituo: timu 4 zikusanyike mahali pamoja, tuseme Malindi, Ijumaa hadi Jumapili, kila moja icheze mechi 3. Safari moja badala ya tatu, na maji ya Mkanda yanahesabiwa mara moja. Kwa nauli halina mpinzani. Kwa mwili linaye. Mechi tatu kamili kwa siku tatu, kikosi cha watu 14, ni kutafuta majeraha, na inajulikana kwamba wanawake hukatika kano ya ndani ya goti mara nyingi kuliko wanaume. Binti anayekatika kano hiyo Lamu hana upasuaji wa karibu, na mpira wake huenda umeishia hapo. Kituo cha siku nne chenye pumziko katikati kinawezekana wakati wa likizo za shule pekee.

Kisha suala la malazi. Mama anayemruhusu bintiye kwenda na kurudi siku moja hamruhusu kulala nje siku tatu, na hakosei. Shirika la Moving the Goalposts, lililoanza Kilifi mwaka 2001, limeonyesha kwamba wazazi hukubali pale wasichana wenyewe wanapokuwa waamuzi, makocha na viongozi, na pale mpira unapochezwa kijijini mbele ya macho yao. Ukihamisha mechi zote hadi Malindi, bibi wa Siyu hatamwona mjukuu wake akicheza, na asiyeona huamini anayoambiwa.

Kwa hiyo vituo viwe nusu ya msimu, likizoni, na mechi za nyumbani zibaki nusu nyingine. Gharama ya boti ibebwe na kaunti: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka michezo na viwanja vyake mikononi mwa kaunti, na Vihiga Queens, mabingwa wa CECAFA wa 2021 waliocheza Ligi ya Mabingwa Afrika ya kwanza ya wanawake huko Misri, walikuwa timu iliyobebwa na kaunti isiyo tajiri. Mechi za visiwani zipangwe siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji yanapojaa saa nne asubuhi, boti ipite Mkanda bila wasiwasi na mechi ianze saa nane na nusu. Hata pakiwa na mapumziko ya maji, kipenga cha mwisho kinalia kabla ya saa kumi na moja, na Novemba, jua linapozama saa kumi na mbili na dakika chache, wachezaji wawe wamekwisha panda boti. Ubaya wa saa hizo ni jua la mchana, na benchi tupu halitalivumilia.