Nipo Hapa, 127.0.1.1

Juzi nimekesha hadi saa nane za usiku nikiitafuta seva iliyokuwa chini ya meza yangu mwenyewe. Naigusa kwa kidole cha mguu, ina joto, taa zinawaka. Juu ya meza, programu ya mteja, ile inayotakiwa kuipata seva, inaniambia: "Hakuna seva iliyopatikana." Mahali pa kuandika anwani hakuna. Kuna kitufe kimoja tu, "Tafuta tena", nami nikatafuta tena, na tena.

Mwishowe nikafungua Wireshark, programu ya kuchungulia pakiti za mtandao, nikakutana na kioja. Mteja anapiga kelele kila sekunde kwenda 255.255.255.255, anwani ya kutangazia kila mashine kwenye mtandao. Seva inamsikia vizuri tu, na inajibu kwa adabu zote: nipo hapa, 127.0.1.1.

Watu wa Debian (aina ya Linux) mmeshacheka: anwani inayoanza na 127, kila mashine huielewa kuwa ni yenyewe. Msanidi aliiuliza mashine jina lake, akalitafutia anwani, /etc/hosts, faili la majina na anwani, ikampa ile inayompa kila mtu, naye akaifungasha ndani ya pakiti na kuituma. Mteja, mtiifu, akaenda kujigongea mlango wake mwenyewe, asikute mtu. Kinachouma ni kwamba anwani ya kweli ilikuwa imekaa palepale kwenye pakiti, sehemu ya mtumaji. Hakuna aliyejisumbua kuitazama.

Jamani, hizi itifaki za kujitungia tutaziacha lini? RFC 6762 na 6763, hati za viwango vya mDNS (mashine kutafutana kwa majina bila seva ya DNS) na DNS-SD (kutafuta huduma), zimetoka Februari 2013. Stuart Cheshire na Marc Krochmal wa Apple walishakaa wakayawaza mambo ambayo wewe utaanza kuyawaza baada ya mnunuzi wa tatu kupiga simu akifoka. Mashine mbili zikijiita jina moja, ipi ipishe? Seva ikizimwa, nani aiondoe kwenye orodha? Kwenye mDNS inaaga: inatuma rekodi yenye TTL (muda wa kuishi) sifuri, basi, kila mtu anaisahau. Mashine nyingi zikiwa na jibu la swali moja, kila moja inasubiri kidogo, kati ya milisekunde 20 na 120, zisije zikapayuka kwa pamoja. Na anayeuliza anataja kabisa majibu aliyonayo tayari, ili wenye majibu hayo wanyamaze. Hebu niambie, hicho kijitabia cha kistaarabu kimo kwenye msimbo wako?

Najua utetezi, nimeusikia mara nyingi: "Lakini ni mistari thelathini tu." Ndiyo, thelathini, siku ya kwanza. Siku ya pili mtu ana VPN, na tangazo lako linatokea kwenye kadi isiyo yake. Siku ya tatu mtu ameendesha seva mbili. Halafu unabadilisha poti, na toleo la zamani halijui, kwa sababu poti uliichimbia ndani ya msimbo. Kwenye DNS-SD, rekodi ya SRV ingekubebea poti, ya TXT ingekubebea namba ya toleo. Na kazi hiyo imeshafanywa: Avahi ipo kwenye Linux, Bonjour imo ndani ya macOS, Android ina NsdManager tangu 4.1. Kuna ugumu gani, zaidi ya kiburi?

Itifaki nyingine za kazi hii, tuseme SSDP? Kama unaongea na televisheni, sawa, huna ujanja. Vinginevyo poti 1900 iachie wanaoitumia kurushia mashambulizi ya DDoS. SLP ni ya miaka ya 1990, ikapumzike. WS-Discovery sitaki hata kuianza.

Haya, nakiri: mDNS haivuki ruta. 224.0.0.251, anwani inayoitumia, inaishia kwenye mtandao wake, kwa hiyo ofisi yenye VLAN sita (mitandao iliyotenganishwa) itakuaibisha, na Wi-Fi ya wageni inayozuia vifaa kuonana itakumaliza kabisa. Hata kwenye Wi-Fi ya kawaida multikasti (ujumbe mmoja kwa wengi) hupotea njiani, maana haina uthibitisho wa kupokelewa. Kontena za Docker nazo zina vituko vyake. Lakini hayo matangazo yako ya kienyeji nayo hayavuki ruta! Angalau DNS-SD unaweza kuiweka kwenye DNS ya kawaida, rekodi zilezile, ukaendelea na maisha.

Na hata ukichagua vizuri, nakuomba, tena nakuomba kwa dhati, weka kisanduku cha kuandika anwani. Kimoja. Kifiche kwenye mipangilio kama kinakuharibia urembo. Kuna mtu anakitafuta saa hii, amechoka, na anwani anaijua kwa kichwa.

Mimi nilibadilisha mstari mmoja kwenye /etc/hosts, seva ikajitokeza. Nikawaandikia waliotengeneza hiyo programu, nikaambatanisha na pakiti yenyewe, nikaonyesha ilipo anwani sahihi. Jibu limekuja asubuhi: nizime ruta, nisubiri nusu dakika, niiwashe tena.

Mashine zile mbili zimeunganishwa kwa waya mmoja, moja kwa moja. Ruta haipo.