Mke afe, stelingi apate uchungu

Wiki iliyopita nilimaliza A Farewell to Arms, riwaya ya Ernest Hemingway ya mwaka 1929, nikabaki nimekaa kwenye kochi kama mtu aliyetapeliwa. Nilikuwa nimeahidiwa machozi. Rafiki yangu aliyeisoma chuoni alinionya kabisa niweke leso karibu. Leso imebaki kavu. (Nitasimulia hadi mwisho, kwa hiyo kama bado hujaisoma, ishia hapa.)

Frederic Henry ni Mmarekani, luteni wa magari ya wagonjwa katika jeshi la Italia, Vita Kuu ya Kwanza. Catherine Barkley ni nesi Mwingereza ambaye mchumba wake alifia vitani Somme, Ufaransa. Siku Henry anapojaribu kumbusu kwa mara ya kwanza anakula kofi. Siku chache baadaye, huku wakinong'onezana mapenzi bustanini, dada wa watu anamwambia wazi kwamba mchezo wanaoucheza ni mbovu na hana haja ya kujifanya anampenda. Hapo nilimpenda mimi! Nikasema huyu ana akili zake, twende naye.

Hatukwenda naye. Henry anajeruhiwa, analazwa Milano, Catherine anamfuata, na kuanzia hapo yule mwenye kofi simwoni tena. Anayebaki ni wa sawa mpenzi, utakavyo mpenzi. Anamwambia hata hayupo tena yeye kama yeye, anachotaka ni kile anachotaka Henry. Najua utetezi wake: amefiwa, anashikilia alichobakiwa nacho. Sawa, lakini basi nionyeshe anavyoshikilia. Mimi naonyeshwa nywele zake zinavyomwagika kitandani.

Na siyo kwamba mzee hajui kuandika. Kurasa za jeshi la Italia kurudi nyuma baada ya kushindwa Caporetto, Oktoba 1917, nimezisoma mara mbili. Mvua, msururu wa magari usiosogea, na Henry anachepuka na magari yake kwenye njia ya mashambani hadi yananasa kwenye tope. Masajenti wawili aliowapa lifti wanakataa kukata matawi ya kuweka chini ya magurudumu, wanaondoka zao. Henry anachomoa bastola, anampiga mmoja risasi. Hakuna sentensi ya kujitetea wala ya majuto. Dakika hiyohiyo wamerudi kuhangaika na gari. Mkono wangu uliganda kwenye ukurasa. Aliyeandika hivyo alishindwaje kuniumbia mwanamke mmoja?

Sisi huku tunamjua Hemingway zaidi kwa habari za Kilimanjaro na safari zake za kuwinda, lakini Italia ndiko alikoonja vita. Alijeruhiwa huko mwaka 1918, hajatimiza hata miaka 19, akampenda nesi mmoja wa Milano, na nesi akaja kumwacha kwa barua. Mimi huwaza, pengine kwa ubaya, kwamba Catherine asiyejua kusema hapana ni majibu ya barua ile.

Mwishoni wako Uswisi. Catherine ana uchungu wa kujifungua tangu usiku, na Henry anatoka hospitali kwenda kula mara tatu. Asubuhi mkate na divai, mchana kabichi na bia, jioni nyama ya nguruwe na mayai, tena anasoma gazeti la mzee aliyekaa mbele yake mpaka mzee analikunja. Ni maelezo ya kutisha kwa ukweli wake, kwa sababu mtu mwenye hofu hula. Ila tuko mezani naye muda wote. Mtoto anazaliwa amekufa, mama anavuja damu hadi anakufa, na Henry anarudi hotelini kwa miguu huku mvua ikinyesha. Uchungu ulikuwa wa Catherine, mvua kapewa Henry.

Kitabu hiki kimenikumbusha filamu ya Gladiator II, iliyotoka Novemba 2024, ambayo nilimlipia tiketi na mdogo wangu kwa moyo mkunjufu. Ile ya kwanza, ya mwaka 2000, niliionea kibanda umiza, mtafsiri akipayuka juu ya sauti za waigizaji. Mtasema hata kwenye hiyo ya kwanza mke wa stelingi, Maximus, aliuawa. Kweli, na hatukumwona hata dakika tano. Lakini Maximus alitembea na visanamu vyake viwili, cha mke na cha mtoto, akavibusu, na mwisho Juba, mpiganaji mwenzake, akavifukia kwenye mchanga wa uwanja. Kibanda kizima kilinyamaza, pamoja na mtafsiri.

Kwenye ya pili mke wa stelingi, Lucius, anapigwa mshale mapema tu, na Lucius anapata sababu ya kumtafuta jenerali aliyetoa amri. Baada ya hapo ni nyani, kifaru, uwanja uliojazwa maji na papa humo ndani. Lucius anapomfikia jenerali wake, hasira imeshakwisha, maana yamezuka mambo ya mama na ukoo. Denzel Washington peke yake ndiye aliyekuwa anafurahia kazi. Kila alipoingia nilikaa vizuri kitini.

Kwenye daladala tukirudi mdogo wangu akaniuliza, kaka, yule mke alikuwa anaitwa nani? Nikafikiria mpaka tunashuka. Wale papa tulikuwa bado tunawabishania.