Meli aina sita tu, na usingizi umekata

Jana saa nane usiku bado nilikuwa macho nacheza gemu ya mwaka 1993, na kwenye laptopu hiyohiyo kuna gemu mpya ya anga niliyonunua kwa hela yangu na sijaifungua hata mara tatu. Naongelea Master of Orion, gemu ya kuongoza jamii yako na meli za anga mpaka utawale galaksi, ile ya kwanza kabisa iliyotengenezwa na Simtex na kutolewa na MicroProse enzi za DOS, ule mfumo wa zamani wa kompyuta. Siku hizi unaipata GOG, duka la gemu la mtandaoni, ikiwa na DOSBox yake ndani, programu ya kuendeshea gemu za DOS, unabonyeza tu inawaka, hata hii laptopu yangu ambayo feni yake inalia kama mashine ya kusaga haihangaiki nayo.

Mdogo wangu kapita akachungulia, "bro ndo unakesha na haya madoadoa?" Nikamwambia kalale.

Hajui utamu wake. Gemu inakuruhusu kuwa na aina sita tu za meli, ukitaka ya saba lazima ufute moja, na ukifuta basi meli zote za aina hiyo zinapotea hapohapo, hata kama ziko mia mbili na ndo zinalinda mpaka. Sasa jana nina vimeli vidogo vya leza kama 300, vimechoka, lakini ndo vilikuwa vinawazuia Mrrshan, jamii moja ya maadui, wale paka wenye shabaha. Nimepata injini mpya, nataka limeli la mabomu, nafasi hakuna. Nimekaa nakuna kichwa weee, mwisho nikafuta. Zamu tatu mbele paka hao, sayari mbili zimeondoka na limeli langu hata nusu halijafika. Gemu mpya zingenipa nafasi ya aina hamsini na nisingekumbuka hata moja.

Halafu teknolojia hazitokei zote kila unapoanza, mara hii unakosa hiki mara ile kile, kwa hiyo yule jirani unayemchukia ndo anacho, sasa ubembeleze mbadilishane au utume majasusi wakaibe. Huwezi kukariri njia moja ukashinda nayo kila siku.

Najua wengi wanaipenda zaidi ya pili, ya 1996, sawa ni nzuri, ila mimi kupanga jengo mojamoja kwenye kila sayari naona kama nimerudi ofisini. Ya kwanza kila sayari ina mistari mitano ya kuvuta na maus kugawa uzalishaji wake, meli, ulinzi, viwanda, mazingira, utafiti, basi. Japo tusidanganyane, ukishafika sayari thelathini na kitu hiyo mistari nayo inachosha, unavuta mpaka kidole kinauma, na hakuna anayekuelekeza kitu, usiposoma kitabu chake utapigwa na hujui umepigwa na nini.

Na kuna lile baraza, akina sisi wote wa galaksi tunakutana kupiga kura, mwenye theluthi mbili anakuwa bosi wa wote na gemu imeisha. Ukikataa matokeo, wote wanakugeukia. Jana wale paka wamezipata, tena kwa kura za rafiki yangu niliyempa teknolojia bure juzijuzi tu!

Nimekataa matokeo. Nimesevu, nikitoka kazini leo naanza na huyo rafiki.