Mimi nilifunzwa kabla ya kumuinua mzee wa watu, mheshimiwa wetu alifunzwa lini?

Assalaam aleikum watu wangu wa Amu, Lamu kwetu, na wa Malindi mlioko humu pia.

Wiki ya kwanza nilipoanza kazi kwenye nyumba ya wazee huku Uingereza sikuruhusiwa kumgusa mtu. Mimi nimemuuguza bibi yangu Langoni mpaka siku yake ya mwisho, nikadhani najua kila kitu, wakaniambia kaa hapa kwanza dada. Tukafundishwa ile mashine ya kunyanyulia wazee, nikatiwa mimi mwenyewe kwenye kile kitambaa chake nikaning'inizwa hewani nijue mzee anahisi vipi akitolewa kitandani, alafu kuna cheti cha wahudumu ambacho kilikuwa na viwango 15, unavipita kimoja kimoja na mtu amesimama anakutazama mikono. Ndo nikaachiwa mzee mmoja nimhamishe kutoka kitandani mpaka kwenye kiti.

Sasa mwaka huohuo wenye ile nyumba wakaomba kibali cha kuongeza vyumba nyuma, majirani wakapinga manake hakuna pa kuweka magari, na meneja akatuomba wenye nafasi tukasikilize halmashauri ikikata shauri. Nikaenda jioni, yunifomu ndani ya koti, nikakaa viti vya raia. Kabla hawajaanza mwenyekiti akasema fulani leo hapigi kura, ni kaunsela mpya, yaani diwani wa huku, kachaguliwa Mei na mafunzo ya kamati hii hajayamaliza. Yule mama kaja kakaa nyuma pamoja na sisi, daftari mapajani, anaandika kila kinachosemwa. Mwengine akasimama akasema mimi na mwenye maombi ni marafiki, akachukua koti lake akatoka nje na hakurudi mpaka shauri likaisha. Wala hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Niliuliza baadae nikaambiwa hayo mafunzo wakati ule hata haikuwa sheria ya nchi, ni kanuni halmashauri imejiwekea yenyewe. La kutangaza maslahi ya mali ndilo lina sheria, ya 2011, kaunsela ana siku 28 tangu kuingia ofisini aandikishe ardhi zake, kazi yake, na za mume au mke wake, na asipofanya bila sababu ya maana ni kosa la jinai.

Basi nikaja nyumbani likizo. Ami yangu akaniambia leo kuna kikao cha kutoa maoni ya bajeti ya kaunti, twende ukaone. Tukakaa chini ya hema, viti vya plastiki, joto, soda zimepangwa pembeni, na kitabu cha bajeti kilikuwa kimoja tu, kinene kama msahafu, kwa Kiingereza, kipo mbele mezani kwa mheshimiwa, MCA wetu, yaani mjumbe wetu kwenye bunge la kaunti. Mzee mmoja mvuvi akasimama akauliza gati yetu iko wapi, mwaka mzima tunaambiwa gati inajengwa. Mheshimiwa akafungua kile kitabu, akapeleka kurasa mbele, akarudisha nyuma, jasho linamtoka, dakika nzima watu wamenyamaza, mwisho akafunga akasema litafuatiliwa inshallah. Watu walipokwenda kunywa soda nikamuomba nikiangalie. Ilinichukua muda lakini nikaipata. Mstari upo, jina la kijiji chetu lipo, ila pesa zenyewe ni za upembuzi yakinifu, yaani mtu aje apime, aandike ripoti, aende zake. Ujenzi hamna. Nikamuonyesha, akavaa miwani akausoma mara mbili, akaniambia kwa sauti ya chini, dada yangu mimi niliona neno gati na niliona pesa.

Nataka mlielewe hili vizuri, yule bwana si mwizi. Hili ndo lililoniuma zaidi. Ni mtu wa watu, mazishi hakosi, watoto wangapi kawalipia karo, ukimpigia saa nane za usiku mgonjwa anahitaji boti ya kwenda Mokowe anaamka. Mwaka mzima alikuwa anawaambia watu gati inakuja na yeye mwenyewe anaamini. Tumempeleka akasimamie pesa na hakuna mtu aliyekaa naye hata siku mbili akamuonyesha zile pesa zinasomwaje, na Lamu ambayo mgao wake ni miongoni mwa midogo kabisa nchini inapokea zaidi ya shilingi bilioni 3 kwa mwaka. Mimi nilifunzwa kwa ajili ya mzee mmoja na kiti kimoja.

Najua mtasema waheshimiwa wanaitwa semina baada ya kuapishwa. Wanaitwa, ndio. Siku chache, hotelini, mbali na nyumbani, mtu kutoka Nairobi anasoma kilichoandikwa ukutani kwa Kiingereza cha sheria, chai ya saa nne, picha ya pamoja, kwisha. Lakini mtu awafungulie kitabu cha bajeti cha Lamu chenyewe, kile cha mwaka jana, wakisome mstari kwa mstari, mimi sijasikia.

Wengine watasema dawa ni digrii. Hilo tuligombana nalo mpaka mahakamani na 2022 watu wakasimama udiwani bila digrii, na mimi binafsi sikuhuzunika. Huku nimeona digrii. Mwaka huohuo wa 2022 Uingereza ilikuwa na waziri mkuu Liz Truss, kasoma siasa, falsafa na uchumi Oxford, serikali yake ikatoa bajeti ndogo mwezi wa Septemba bila makadirio ya ile ofisi huru inayopima hesabu za serikali, masoko yakatikisika, riba za mikopo ya nyumba zikapanda, mwenzangu kazini alikuwa analia chumba cha mapumziko akipiga hesabu kwenye simu, na yule mama akatoka baada ya siku 49. Na Birmingham, mji mkubwa namna ile, Septemba 2023 halmashauri ikatangaza haiwezi kulipa matumizi mapya. Kwa hiyo sisemi huku ni peponi. Nasema ile kamati niliyoiona jioni ile ilikuwa na kitu kimoja ambacho kwetu hakipo, kwamba kura ya jambo zito huipigi mpaka umelisoma jambo lenyewe.

Na msiniambie watu wetu hawawezi kusoma makaratasi haya. Mmesahau makaa ya mawe? Kiwanda cha megawati 1,050 kilitakiwa kijengwe Kwasasi, leseni imeshatolewa, na wanaharakati wa Save Lamu pamoja na wakazi wenyewe wakaipinga mbele ya baraza la rufaa la mazingira mpaka Juni 2019 leseni ikafutwa. Na moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ile ripoti ya athari za mazingira hawakupewa nafasi ya kuijadili yaliyomo ndani yake. Kesi ya wavuvi waliodai fidia kwa ajili ya bandari mpya ya Lamu ni hivyohivyo, 2018 mahakama kuu iliamua walipwe zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Wale ni wavuvi. Ni mama wa nyumbani. Walikaa na ripoti na mawakili mpaka wakajua waulize nini, sasa MCA anayelipwa mshahara anashindwaje?

Mimi nataka hivi. Bunge la kaunti linajitungia kanuni zake lenyewe, basi liandike kanuni moja kwamba mjumbe mpya haketi kwenye kamati ya bajeti wala hapigi kura ya pesa mpaka amalize mafunzo, na mafunzo yafanyike Amu, kwa Kiswahili, kwa kutumia vitabu vya Lamu. Afundishwe kalenda, kwamba karatasi ya mikakati ya fedha inaingia bungeni mwisho wa Februari na makadirio ya bajeti mwisho wa Aprili, manake mzee wetu aliuliza gati wakati ambapo mambo yashapangwa zamani. Afundishwe kwamba sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 iende kwenye maendeleo, na ajue kuitafuta hiyo 30 mwenyewe kwa kalamu. Afundishwe kutofautisha ujenzi na ukarabati na upembuzi. Walimu wapo, chuo cha serikali, Kenya School of Government, kina tawi Mombasa na Matuga, waletwe wao, nauli ya walimu wawili haiwezi kushinda ya bunge zima kwenda semina Naivasha. Na mlango uwe wazi. Raia anayetaka kukaa nyuma akae nyuma kama yule mama na daftari lake, na hasa wale wanaotaka kusimama 2027 waje wakae, tuwaone mapema nani ana subira ya kusoma na nani anataka gari tu.

Majina ya waliomaliza yabandikwe Mkunguni pale mbele ya ngome watu wakitoka sala ya Ijumaa wayaone. Na sisi pia tupunguze, mtu tunamtaka harusini, tunamtaka matangani, tunamtaka atoe chochote, alafu tunashangaa hakupata usiku mmoja wa kufungua kitabu.

Ami yangu yeye hakusubiri kanuni. Aliomba nakala ya kitabu cha bajeti, akazungushwa karibu mwezi mzima mpaka akapewa, manake sheria ya kupata habari ya 2016 nilimtumia na akaenda nayo ofisini, na sasa baada ya sala ya isha wanakaa watu wanne barazani kwake wanasoma, mmoja wao ni mwanafunzi wa sekondari anawatafsiria. Juzi kanitumia picha ya ukurasa kwenye WhatsApp na sauti yake, "Mwanangu, hili neno rikaranti ndo nini, limeandikwa yuu kabisa." Nikamwambia ami hayo ni matumizi ya kawaida ya kila mwaka, mishahara, mafuta ya magari, chai za ofisini, si maendeleo. Akanyamaza kidogo, nasikia punda wanapita nyuma yake, alafu akasema, "Sasa mbona gati yetu wameiandika huku?"